Msingi wa Ipuli

Mji mzima wa Tabora ulimwita Fundi, kana kwamba wengine wote walioshika mwiko walikuwa wapita njia. Ukisema sokoni "Fundi kasema", hakuna aliyekuuliza fundi yupi, wa saa, wa cherehani au wa baiskeli. Mimi nilikuwa jirani yake kule Ipuli, na kazini nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja iliyoshughulika na majengo, kwa hiyo karatasi zake zote zilipita mikononi mwangu: ombi, jibu, ombi jingine, jibu lilelile. Alizaliwa wapi na babu yake alikuwa nani, waulizeni wanaopenda habari hizo. Mimi nataka kumweleza mtu aliyetaka leseni ya ukontrakta kwa jina lake mwenyewe. Aliitaka tangu mwaka wa Uhuru mpaka meno yalipoanza kumtoka, na sikumwona hata siku moja akiiomba kwa kuinamisha kichwa.

Alikuwa mfupi na mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili. Kofia yake, nyeupe asubuhi, ikifika alasiri ilikuwa nyekundu kwa vumbi la tofali. Nyuma ya sikio alichomeka penseli, ingawa kuandika kwake hakukuvuka tarakimu na jina lake. Hilo jina aliliandika kwa herufi kubwa, polepole, ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo, na akimaliza alirudi nyuma hatua moja kulitazama, kama alivyotazama mstari wa tofali aliomaliza kuulaza. Mara ya kwanza alipofanya hivyo mbele ya meza yangu nilicheka. Baadaye nilijifunza kumsubiri.

Uashi aliufundishwa Kipalapala, na bruda mmoja Mzungu aliyekuwa akijenga huko seminari. Fundi mwenyewe alikuwa Mwislamu wa mjini, asiyekosa sala hata akiwa juu ya kiunzi.

"Bruda alijaribu kunibatiza miaka minne," alikuwa akisimulia, "nami nikajaribu kumsilimisha. Tukashindana weee, tukaona bora tujenge."

Tangu hapo alijenga misikiti miwili na kanisa moja kwa kamba ileile na timazi ileile, yaani kile kipande cha shaba kinachoning'inia kwenye uzi kuonyesha kama ukuta umesimama wima. Watu wa msikitini walipomsema kwa lile kanisa, aliwajibu kwamba ukuta hauna dini, una timazi. Wakanuna wiki mbili, kisha wakamwita kuwazibia paa la madrasa.

Hakuweza kupita ukuta bila kuugusa. Njia yake ya kwenda sokoni ilipita kwenye nyumba za kale za mji, zile zenye kuta nene za enzi za misafara, na alizipapasa moja baada ya nyingine huku midomo ikimchezacheza. Nimempa shikamoo mara nyingi akajibu "marahaba, binti" huku anatazama dirisha lililo nyuma yangu. Siku moja alisimama kibarazani kwangu, akanyoosha kidole kwenye boriti iliyo juu ya mlango.

"Linta hii imelala upande. Mjinga gani alikujengea?"

"Wewe, Fundi."

Akaikagua tena kutoka kulia, kisha kushoto. "Basi nilikuwa naumwa," akasema, na kesho yake alikuja kuitengeneza bila kuitwa wala kunidai.

Lakini udongo ndio aliouheshimu kuliko kuta. Kabla hajakubali kazi alichimba shimo la kufika magotini, akalijaza maji jioni, na asubuhi akaja kuchuchumaa pembeni yake. Alichukua donge, akalifinyanga mpaka likawa kamba, akaikunja kamba ile iwe pete, akaianika juani. Udongo mwema pete yake hukatika mapema. Udongo wa mbuga, ule mweusi wa mabondeni, pete yake hukunjika vizuri kabisa, inapendeza, halafu ikikauka hupasukapasuka. "Mbuga inapumua," alisema. "Masika inavuta pumzi, kiangazi inashusha. Ukijenga juu ya kifua cha mtu aliye hai, usishangae nyumba ikicheza." Mteja aliyekataa kungoja hilo shimo hakujengewa, awe na cheo gani.

Sasa niseme habari ya leseni, maana ndiyo iliyomla. Sheria ilikuwa kwamba jengo lolote la serikali, na nyumba yoyote ya kudumu katika viwanja vya mji, lazima iwe na sahihi ya kontrakta mwenye leseni. Fundi alikuwa na cheti cha ufundi cha gredi ya kwanza, lakini leseni hakuwa nayo. Kwa hiyo yeye alijenga na mtu mwingine akasaini. Huyo mwingine nitamwita Mwenye Leseni, na sitamsingizia ubaya: alikuwa na lori, alikuwa na kicheko kizuri, na kila Idi alituletea majirani mchele. Ila timazi na kengele ya mbuzi kwake vilikuwa kitu kimoja. Siku ya kufungua jengo yeye alikaa mbele na wakubwa, Fundi akasimama nyuma na wasaidizi wake, mikono haijakauka. Na palipokuwa na kibao cha jiwe chenye jina la mjenzi, aliyekipachika ukutani ni Fundi. Alikipima kwa pima maji mara tatu.

"Jina la mtu halipindishwi," aliniambia nilipomuuliza anajitaabishia nini, "hata kama si lako."

Majibu ya maombi yake yalitoka Dar es Salaam, na mimi ndiye niliyemsomea. Walitaka aonyeshe jengo alilolijenga kwa jina lake mwenyewe. Na kujenga kwa jina lako mwenyewe kulihitaji leseni. Nilimsomea mara mbili kwa sababu alifikiri nimeruka mstari.

"Kwa hiyo nivuke mto kwanza, ndipo nipewe mtumbwi."

"Ndivyo walivyoandika, Fundi."

"Waandikie nakuja kuwaona."

Alikwenda kweli, kwa treni, daraja la tatu, amebeba timazi yake ndani ya soksi. Mara ya kwanza walimpa fomu ya Kiingereza akawarudishia, akawaambia nyumba zake zote zimejengwa kwa Kiswahili na hazijaanguka. Mara ya pili ilikuwa baada ya Azimio la Arusha, na siku hizo neno kontrakta lilikuwa limeanza kunuka. Walioitwa mabepari walichorwa magazetini wakiwa na matumbo na mirija ya kufyonzea, na huyu mzee wetu wa kilo hamsini na kofia yenye vumbi akaingia pale kuomba leseni. Mmoja wa wale waliokaa mezani akamuuliza kama haoni aibu kutaka kuwa bepari katika nchi ya wakulima na wafanyakazi.

"Nikamuuliza," Fundi alitusimulia aliporudi, "bepari ni yupi, mzee, anayejenga au anayesaini?"

"Akasemaje?"

"Akaniuliza kama nina swali jingine."

Wakamshauri ajiunge na ushirika wa waashi. Hapa ndipo wengi walipomwelewa vibaya, na bado wapo wanaosema alikuwa mpinga Ujamaa. Waongo. Kadi ya chama aliikunja ndani ya kofia. Mikutano yote alihudhuria, na alijenga madarasa mawili ya kujitolea bila kupokea hata soda. Kwenye ushirika aliingia siku ileile, akawafundisha waashi thelathini kufunga kona. Lakini ombi lake la leseni hakulifuta. Katibu wa ushirika alimwambia mbele ya watu kwamba anayetaka jina lake peke yake hajaielewa siasa. Fundi akainuka.

"Ujamaa ni kufanya kazi pamoja. Nani aliyesema tuitwe jina moja?"

Watu walicheka, katibu akacheka pia, lakini hakusahau.

Ajabu ni kwamba mtu huyu aliyejenga nusu ya mji hakuwa na nyumba. Alikuwa na msingi. Aliuchimba Ipuli mwaka ule wa Uhuru, vyumba vinne na ukumbi, mawe ya kuchongwa, akaumwagia jamvi la zege na kulisawazisha mpaka ukilimwagia maji hayajui yaende wapi. Alikuwa na hakika leseni itakuja mwezi uleule. Halafu bwana mmoja wa halmashauri akaja na daftari, akauliza sahihi ya kontrakta iko wapi. Haikuwapo, na ujenzi ukasimama. Fundi na mkewe wakaishi nyuma ya ule msingi, katika kibanda cha udongo cha vyumba viwili kilichovuja kila masika, na kila Ijumaa kabla ya sala aliufagia msingi wake kama watu wafagiavyo sebule.

Mkewe alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kukata. Alipochoka kuutazama ule msingi aliutafutia kazi: akaanza kuanika michembe. Kila kiangazi viazi vitamu vilivyokatwakatwa vilitandazwa vyumba vyote vinne, na chumba cha mbele, palipotakiwa kuwa sebule, ndipo palipokausha upesi zaidi. Wanawake wa mtaa tulikuwa tukimtania.

"Dada, leo umelala chumba gani?"

"Mniache. Wenzenu wameolewa na wanaume, mimi nimeolewa na msingi."

Mwenye Leseni alisikia taabu yao akaja mwenyewe, na nasema tena, hakuja kwa ubaya. Alikalia kiti cha kamba pale juu ya jamvi, akatoa kalamu ya wino mfukoni.

"Ndugu yangu, tumekula pamoja miaka yote hii. Nipe hiyo fomu nisaini. Bure. Mama ahamie ndani kabla ya mvua."

Mkewe alikuwa amesimama na sinia la chai. Nilimwona anavyoitazama ile kalamu, na ningekuwa mimi ningempokonya Fundi fomu nikampa mgeni aisaini. Fundi alikunywa chai yake mpaka kikombe kikaisha.

"Nyumba zote za mji huu zina jina lako," alisema. "Niachie hii moja."

Mwenye Leseni akacheka kile kicheko chake. Alipoona hakuna aliyeungana naye, akafunga kalamu, akaaga. Mke wa Fundi hakusema na mumewe siku nne, na mimi nilikuwa upande wa mke. Nilimwambia Fundi wazi kwamba ukaidi haupaui nyumba. Alinijibu kwamba na sahihi ya kuazima haipaui vilevile. Tuliishia hapo.

Kisha ikaja bahati, au tuliiona hivyo. Zilikuwa siku za kuhamia vijijini. Watu walitolewa mashambani kwao wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, na katika kijiji kimoja upande wa Usoke lilitakiwa ghala la tumbaku, upesi, kwa sababu mgeni mkubwa angepita kukagua. Mwenye Leseni alikuwa mgonjwa. Mkuu wa ofisi yetu akamwita Fundi, nami nikiwa pale na daftari langu.

"Nakupa kazi hii kwa jina lako," alimwambia. "Kibali maalumu. Ukimaliza, mimi mwenyewe ninaandika barua Dar es Salaam, na leseni utaipata."

Fundi alivua kofia, akaivaa tena. Usiku huo, mkewe aliniambia, alilala juu ya msingi.

Siku ya kuonyeshwa kiwanja tulikwenda kwa Landrova, mkuu wa ofisi mbele, mimi nyuma kwa ajili ya kuandika muhtasari. Fundi alikuwa ametutangulia siku mbili. Tulimkuta amezungukwa na wanakijiji, wanazungumza Kinyamwezi polepole, na shimo lake limekwisha chimbwa kati ya vigingi vya mpimaji. Kiwanja kilikuwa ukingoni mwa barabara, tambarare, cheusi, kimekauka na kupasuka mipasuko ya kupitisha mkono. Mbuga tupu. Juu ya jiwe zilikuwa zimepangwa pete tatu za udongo, zote zimekauka na kupasukapasuka.

"Bwana mkubwa," Fundi alisema, "hapa hapajengwi."

"Hapa ndipo ramani ilipo."

"Ramani kaichora mtu aliyekaa. Mimi nimesimama."

Mkuu wa ofisi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na tarehe shingoni. Alieleza kwa upole kwamba mgeni atapita barabara hii, na ghala lazima lionekane kutoka garini.

"Litaonekana," Fundi akamjibu. "Litaonekana limepasuka."

Ndipo mzee mmoja wa kijiji, aliyekuwa amekaa kimya na fimbo yake, akaonyesha mwinuko uliokuwa ng'ambo ya pili ya barabara, hatua kama mia tatu, wenye udongo mwekundu. Alisema njia ya zamani ya misafara ilipita kule, na babu zao wapagazi walilaza mizigo pale, kwa sababu maji hayatuami. Barabara ndiyo iliyohamia bondeni. Wao wenyewe walishangaa kuletwa kukaa mbugani, ila hakuna aliyewauliza.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," mkuu wa ofisi alimwambia Fundi, na upole ulikuwa umekwisha.

"Guu langu nitaliuguza. Ghala likivunjika, nani ataliuguza?"

"Nikirudi nikute msingi hapa, kwenye vigingi hivi. Vinginevyo usitaje tena leseni mbele yangu."

Alirudi garini. Mimi nilijichelewesha, nikamsogelea Fundi. Nilikuwa na hasira naye kuliko na mkuu wangu. Nilimfikiria mkewe na lile paa linalovuja.

"Fundi, umengoja miaka yote hii. Jenga hapo. Likipasuka ni juu yao."

Akanitazama kwa mshangao, kama niliyemtukana bila kujua.

"Leseni ni nini, binti? Ni karatasi ya kusema huyu anajua kujenga. Nikijenga hapa nitakuwa nimewaonyesha sijui."

Gari lilipoondoka niligeuka kutazama kioo cha nyuma. Alikuwa amekwisha kuinama, anang'oa kigingi cha kwanza.

Alilijenga ghala juu ya mwinuko, kwa tofali za kuchoma alizofyatua na wanakijiji hao hao. Mkuu wetu aliporudi alikuta kuta zimefika kifuani, na hapakuwa na muda wa kuzibomoa. Na yule mgeni hakuja. Mvua ziliwahi, barabara ikawa tope, akapitishwa kwingine. Ghala likaezekwa, tumbaku ikaingia, na mkuu wa ofisi akaniita nije na karatasi.

Aliyoyasema niliyapiga chapa yote. Kwamba fundi huyu, jina lake kamili, alipewa kibali maalumu kujenga ghala la kijiji fulani kwa jina lake. Kwamba alilijenga na kulimaliza, lakini mahali pasipo pa ramani. Kwamba kwa sababu ya ukaidi hafai kupewa leseni ya ukontrakta. Sitajitetea. Nilikuwa na watoto watatu na kazi moja, nikapiga mpaka nukta ya mwisho, nikaipeleka isainiwe, nikaitia bahasha.

Jioni nilikwenda kumwambia. Sikutaka aisikie kwa mwingine. Nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa msingi, mkewe anageuza michembe.

"Fundi, leo nimepiga barua ya kukunyima leseni."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Akatikisa kichwa taratibu. Nilitegemea anifukuze.

"Jina langu umeliandika sawasawa?"

"Sawasawa. Lote."

"Imesema nimejenga ghala?"

"Imesema."

"Kwa jina langu?"

"Kwa jina lako, Fundi, lakini imesema pia kwamba ukaidi wako..."

"Hayo mengine nayajua." Alipangusa mikono yake kwenye suruali. "Hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ya serikali inayosema mimi nimejenga kitu. Unayo nakala?"

Nilikuwa nayo, ile ya kaboni, na ilipaswa kukaa kwenye faili. Kesho yake nilimletea ndani ya kanga. Ni kosa la kazi na ninalikiri hapa kwa furaha. Aliikunja mara nne, akaitia katika mkebe wa maziwa ya unga pamoja na timazi.

Jioni ile ya kwanza mkewe alikuwa amesikiliza mazungumzo yetu bila kuacha kugeuza michembe. Nilipotaka kuaga, alinyoosha mgongo. Nilijua maneno yangekuwa makali, na yalikuwa, ila hayakwenda nilikoyatazamia.

"Ukaidi," alisema. "Wameandika ukaidi? Haya. Michembe yangu haitoki hapa mpaka nione karatasi yenye jina la huyu mzee. Hata aje nani."

Na hakutania. Bwana wa halmashauri alipokuja mwaka mwingine kusema msingi usioendelezwa utachukuliwa, alimkuta mama yule amekaa katikati ya sebule yake isiyo na kuta, miguu ameinyoosha, anamenya viazi. Alimkaribisha, akamtaka avue viatu. Bwana yule alivua. Hakurudi tena.

Miaka ikaenda. Kontrakta akaacha kuwa kupe, akawa mwananchi mwenye juhudi, na wale wale waliochora mirija wakaanza kuhimiza watu wajitegemee mmoja mmoja. Mimi nikastaafu na taipu yangu ya zamani, niliyouziwa na ofisi kwa sababu herufi ya K ilikuwa inanata. Siku moja redio ikatangaza kwamba makandarasi wadogo wajiandikishe. Sharti ni mtu athibitishe jengo moja alilojenga kwa jina lake, lililosimama si chini ya miaka kumi.

Sikumaliza kuvaa kanga. Nilimkuta Fundi njiani anakuja kwangu, mkebe kwapani.

Tuliambatanisha ile barua ya kunyimwa. Sijui kama kuna mwingine aliyewahi kuomba leseni kwa ushahidi wa kukataliwa, lakini hatukuwa na karatasi nyingine. Wakamtuma mhandisi kijana mpaka kule kijijini. Wanakijiji walisema alilizunguka ghala kutwa nzima, anatafuta ufa. Akaenda barabarani kutazama ofisi ya kijiji, iliyojengwa baadaye na wengine pale palipokuwa na vigingi vya kwanza. Ilikuwa imefungwa mlango, kwa sababu ukuta mmoja ulikuwa umeachana na mwenzake. Alipowauliza ghala lile lilijengwa na nani, wote walitaja jina moja.

Leseni ilikuja katika sanduku langu la posta. Ilikuwa ya daraja la mwisho, majengo madogo tu. Nilimsomea hilo kwa woga.

"Nyumba yangu ni ndogo," alisema.

Niliijaza fomu ya kibali siku ileile, na palipoandikwa "Jina la mkandarasi" nilipiga herufi moja moja, nikiibonyeza ile K mpaka ikakubali. Halmashauri ilipopiga muhuri niliichukua mwenyewe, nikaipeleka Ipuli asubuhi, jua likiwa bado la kuota. Kilikuwa kiangazi. Fundi alikuwa pale na kamba yake na waashi wawili aliowafundisha kwenye ushirika, nao sasa wana mvi. Macho yake yalikuwa yamefifia. Alikuwa anaipima kamba kwa vidole. Lakini vigingi havikuwa vimechomekwa, kwa sababu vyumba vyote vinne na ukumbi vilikuwa vimetandazwa michembe, na mkewe amesimama katikati, mikono kiunoni.

Nikampa mama yule karatasi. Kusoma hakujua. Akaitazama mbele na nyuma, akanirudishia.

"Jina la nani?"

Nikamsomea jina la mumewe, na la baba yake, na la babu yake.

"La Mwenye Leseni halimo?"

"Halimo."

"Soma tena."

Nikasoma tena, kwa sauti, mpaka wapita njia wakasimama. Yule mama mrefu akainama, akaanza kuokota michembe yake, kipande kimoja kimoja, anaitia kwenye ungo. Sisi sote tukamwinamia kumsaidia, isipokuwa Fundi, aliyekuwa amefika kwenye kona ya sebule na kuchomeka kigingi. Akanipa ncha ya kamba niishike, akaniambia nisilegeze.

"Na sasa," mkewe akamuuliza, ungo umemjaa mikononi, "michembe yangu nitaanika wapi?"

Fundi hakuinua kichwa.

"Juu ya bati lako," akasema, akavuta kamba.